Mpaka, Lugha na Santuri: Orchestra Virunga katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Wanahistoria wa muziki wa kisasa wana desturi ya kuteua albamu moja na kuihesabu kuwa mlango ambao bendi iliupitia kutoka katika hali ya kutojulikana hadi kwenye umaarufu. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Nirvana, bendi ya roki mbadala ya Marekani, ambayo albamu yake Nevermind ilitolewa Septemba 1991 na kufika kileleni mwa orodha ya mauzo nchini humo Januari 1992. Katika Afrika Mashariki, nafasi kama hiyo hupewa It's Disco Time, albamu ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga iliyotolewa Nairobi mwaka 1982, ambayo ndani yake umo wimbo "Malako". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya albamu hiyo haieleweki ipasavyo ikianzia Nairobi. Kabla ya studio kulikuwa na mpaka wa Uganda na Kenya, na mpaka huo umeacha alama katika lugha ya nyimbo zenyewe.

Mapangala alizaliwa Matadi na kuanza kazi ya uimbaji Kinshasa. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Kampala, ambako yeye na wenzake waliunda kundi la Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa. Mwaka 1977 kundi hilo lilihamia Nairobi. Baada ya kuvunjika kwake, Mapangala aliunda Orchestra Virunga mwaka 1981. Majina haya mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza lilitangaza mji ambao wanamuziki walitoka. La pili lilitokana na milima ya volkano iliyopo pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana. Katika muda wa miaka michache, kundi lililojitambulisha kwa mji mmoja likawa kundi linalojitambulisha kwa mahali pa makutano.

Kati ya Kampala na Nairobi, njia kuu za nchi kavu hupitia Malaba na Busia. Mpaka uliopo hapo ni zao la maamuzi ya kikoloni: mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mwaka 1926 mstari wa mpaka ukafafanuliwa kisheria. Wasamia na Wateso waliachwa pande zote mbili. Mnamo Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kihistoria. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Kwa hiyo, Les Kinois walihamia Nairobi katika mwaka ambao serikali za eneo hili zilikuwa zikitengana, huku biashara ya magendo ikiendelea kuwaunganisha watu wa mipakani.

Suala la lugha nalo lina historia yake. Mwaka 1973 Amin alitoa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa la Uganda, na mwaka 1974 Jomo Kenyatta aliamuru kitumike katika Bunge la Kenya. Katika nchi zote mbili Kiswahili kilipandishwa hadhi kwa amri ya mkuu wa dola. Na Uganda kilibeba pia mzigo wa kuhusishwa na jeshi. Burumba, katika mji wa Busia upande wa Kenya, kilikuwa na kazi nyingine. Kiliwaunganisha sokoni wasemaji wa Kikhayo, Kisamia, Kiteso, Kijaluo na Kiganda bila kumtaka yeyote kati yao aache lugha yake.

Virunga walikitumia Kiswahili kwa namna inayokaribiana na hiyo ya soko. Katika nyimbo zao kinasikika pamoja na Kilingala, na hakuna lugha inayotumwa kuifasiri nyenzake. Msikilizaji asiyejua mojawapo hubaki ndani ya wimbo kwa msaada wa kiitikio, urudiaji na majibizano ya magitaa. Mhakiki anayepima matini kwa wingi wa msamiati ataona umaskini hapa. Hata hivyo, urudiaji ni mbinu kongwe ya fasihi simulizi, na katika hadhira ya lugha nyingi ndio unaomwezesha mgeni kushiriki.

Huenda ikadaiwa kwamba umaarufu wa albamu ulitokana na Nairobi tu. Dai hili lina ukweli wake. Mji huo ulikuwa na studio na viwanda vya santuri, na santuri ndefu iliruhusu wimbo usikike mfululizo, kuanzia uimbaji hadi sehemu ya kucheza, ilhali ile ndogo mara nyingi iliukata vipande viwili. Lakini mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa ipige asilimia 75 ya muziki wa Kenya, na agizo hilo halikudumu. Masikio ya wasikilizaji yalikuwa yamekwisha kuzoea sauti zilizovuka mpaka.

Tatizo lililobaki ni la wahakiki. Mitaala inayogawa fasihi kwa mataifa haina mahali pa kuiweka matini iliyotungwa na Wakongo, ikakomazwa Kampala, ikarekodiwa Nairobi, na kuimbwa kwa Kiswahili na Kilingala. Ikiitwa ya Kenya, safari yake inafutwa. Ikiitwa ya Kongo, Kiswahili chake kinaonekana cha kuazima. Matokeo yake ni kwamba nyimbo zilizowafikia wasemaji wengi wa Kiswahili kuliko diwani nyingi zinabaki nje ya tahakiki ya Kiswahili. Historia ya fasihi itakayoanza na mahali kama Burumba, ambapo lugha hukutana kila siku kabla ya kufika studio au darasani, itaweza kuzipa nyimbo hizi nafasi inayozistahili.