Mimea Ilayo Wadudu na Sanduku la Vioo

Kila mkulima ajua ya kuwa wadudu hula mimea. Lakini kwamba iko mimea ilayo wadudu, hilo ni neno ambalo watoto wetu wa shule hapa Chamazi hulicheka walisikiapo mara ya kwanza. Wala si ajabu, kwa maana wataalamu wa Ulaya wenyewe walikawia sana kulisadiki.

Mojawapo ya habari zake za kale yatoka katika bahari yetu hii. Mwaka wa 1658 Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa liwali huko Bukini, ndiyo Madagaska, alichapisha kitabu juu ya kisiwa kile. Humo alitaja mmea uzaao kitu kama gudulia dogo lenye kifuniko, akidhani kuwa ni ua au tunda. Kumbe ni jani, na ni mtego! Miaka mia baadaye, mwaka wa 1759, Arthur Dobbs, gavana wa North Carolina katika Marekani, aliandika habari za mmea mwingine, ambao jani lake hufumba ghafula nzi akiligusa.

Watu wa Ulaya wakatamani kuiona mimea ya namna hii, ila mimea mingi iliyosafirishwa ilikufa baharini kwa chumvi na upepo. Dawa ilipatikana kwa bahati. Nathaniel Ward, daktari wa London, alikuwa amejaribu kupanda makangaga ukutani pake, moshi wa mji ukayaua. Mwaka wa 1829 alifukia kifukofuko cha nondo katika udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika. Ndani yake kukaota kangaga na majani, kwa sababu mvuke uliopanda ulirudi chini ukawa maji. Basi akaunda masanduku ya vioo, na mwaka wa 1833 mimea ilipelekwa humo mpaka Sydney, ikafika hai. Katika masanduku ya namna hiyo chai ilitoka China kwenda Bara Hindi, na miche ya mpira ikaenda Ceylon mwaka wa 1876. Masanduku madogo yakawa pambo la nyumbani.

Ndipo Charles Darwin, baada ya kuijaribu kwa miaka mingi, alipotoa kitabu chake mwaka wa 1875, akathibitisha kwamba mimea hii humeng'enya nyama hasa. Sababu ni umaskini wa udongo. Huota penye maji yasiyo na rutuba, hata naitrojeni ambayo sisi huipata katika samadi, yenyewe huitafuta katika mwili wa mdudu.

Kwa hiyo afugaye mmea huu chupani akautilia mbolea, auua kwa wema wake. Maji ya kisima yenye chumvi huudhuru pia, apewe mvua. Tena chupa iliyofunikwa na kuwekwa juani, katika joto la Dar es Salaam, si nyumba bali ni chungu jikoni. Ule mmea wa Carolina, zaidi ya hayo, wahitaji kulala miezi ya baridi, na baridi hiyo pwani hatunayo. Kwao umechimbwa na wezi hata ikatungwa sheria, mwaka wa 2014, kuwaadhibu vikali.

Wala hatuna haja ya kuuagiza. Tanzania ina jamaa yao katika vinamasi: mmoja majani yake yana matone yanatayo kama ulimbo wa mtega ndege, mwingine huelea madimbwini bila mizizi, una vifuko vidogo vimezavyo vijidudu vya majini upesi kuliko kupepesa jicho. Huu wa pili ukitiwa katika bilauri ya maji ya dimbwi lile lile, vifuko vyaonekana wazi, kisha hurudishwa. Yafaa kuwaonyesha watoto mapema, maana viwanja vya nyumba vyaongezeka kandokando ya mji, na dimbwi likijazwa kifusi mmea huo hauna pa kwenda.