Kuhama na Kuhamishwa: Neno "Move" Chini ya Mlima Meru

Katika lugha ya Kiingereza mna neno dogo la herufi nne, "move", ambalo mwanafunzi hulipata mapema na kulidhani jepesi. Hulifasiri kwa "sogea" au "hama", kisha huendelea na mengine. Lakini neno hili lina ukoo mrefu. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "movere", maana yake kutikisa, kusogeza, au kuondoa kitu mahali pake. Lilipita katika Kifaransa cha Wanormani walioitwaa Uingereza mwaka 1066, hata likatua katika Kiingereza cha zama za kati. Katika ukoo huo wamo "motion", yaani mwendo au hoja, na "motor", yaani mtambo wa kuendesha. Na kwa mlango huu wa pili Waswahili nao walipata motokaa yao.

Maana za neno hilo ni nyingi. Mtu akisogea, ni "move". Akihama nyumba, ni "move". Habari ikimgusa moyo, ni "move". Akisimama barazani kutoa hoja, ni "move" pia. Kutokana nalo limetoka jina "movement", ambalo katika siasa Waswahili hulifasiri kwa harakati. Harakati nalo ni neno la asili ya Kiarabu, lenye shina moja na haraka. Na katika Kiarabu shina hilo ni la mwendo, hali Kiswahili kimeliacha haraka libaki na maana ya wepesi peke yake.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni hili. Katika Kilatini "movere" aghalabu lilitaka mtenda na mtendwa: mmoja asogeza, mwingine asogezwa. Aliyesogea mwenyewe alielezwa kwa umbo jingine la kitenzi. Kiingereza kiliilegeza tofauti hiyo, kikayaweka yote mawili katika umbo moja. Mwandishi wa Kiingereza aweza kuandika "the people moved", wala msomaji asijue kama watu wale walikwenda kwa nia yao au walisukumwa. Lugha hiyo inayo njia ya kueleza kwamba waliondolewa, ila haimlazimishi mwandishi kuishika. Kiswahili hutenga mambo hayo kwa viambishi vyake vya Kibantu: hama, hamisha, hamishwa. Anayehama hutenda, anayehamishwa hutendwa. Asemaye "wamehamishwa", hata asipomtaja aliyewahamisha, amekwisha kukiri kwamba yuko.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika nchi ya Wameru. Tangu mwanzo wa karne ya 20 utawala wa Wajerumani uligawa ardhi nyingi chini ya Mlima Meru kwa walowezi, Makaburu wakiwa miongoni mwao, na Wameru wakabanwa kati ya msitu wa juu na mashamba ya chini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walimteua Jaji Mark Wilson achunguze mgawanyo wa ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza baadhi ya mashamba warudishiwe wenyeji. Lakini ilipendekeza pia eneo moja la Wazungu baina ya Meru na Kilimanjaro. Ndani ya eneo hilo mlikuwamo Engare Nanyuki, mahali ambapo jina lake la Kimasai maana yake ni maji mekundu, na ambapo Wameru walikuwa wakiishi katika mashamba Namba 31 na 328.

Serikali ikawataka wahamie Kingori, kusini zaidi, palipo chini na penye joto. Wameru walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwaondoa ikaanza. Watu wapata 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto. Hawakupigana. Kuyaeleza hayo kwa "walihama" ni kukosea sarufi, na ni kukosea kweli pia.

Tangu hapo maana nyingine za neno lile zikafuata, moja baada ya moja. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Basi Wameru wakapeleka malalamiko yao New York mwaka 1952, kwa vinywa vya Kirilo Japhet, Mmeru, na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Watu waliosogezwa kwa nguvu sasa walitafuta kusogeza mioyo. Hoja ikatolewa katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ikapita. Ilipofika mbele ya Baraza zima haikupata theluthi mbili za kura, ikaanguka. Lakini habari yake ilienea Tanganyika, na wanahistoria huihesabu miongoni mwa mambo yaliyoitengenezea njia TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Kuhamishwa kulikuwa kumezaa harakati.

Mambo haya hayakwisha pamoja na ukoloni. Tangu mwaka 2022 wakazi wengi wa Ngorongoro, katika mkoa uo huo wa Arusha, wameondoka kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema wamehama kwa hiari. Baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu wamekana. Ubishi huo hautaamuliwa na kamusi. Hata hivyo mwanafunzi wa lugha hana budi kuona kwamba neno hama, kwa umbo lake, limekwisha kubeba hiari ndani yake. Linapohitaji kuongezewa "kwa hiari" ili lisadikiwe, ni dalili kwamba wasikilizaji wanalisikia jingine nyuma yake. Kazi ya msomi ni kuuliza, kila aonapo kitenzi cha mwendo, ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa.