Bamburi: Machimbo Yaliyogeuka Makao ya Ndege

Asubuhi mapema kwenye mabwawa ya Haller Park, hifadhi iliyo katika machimbo ya zamani ya Bamburi hapa Pwani, mdiria mweusi na mweupe husimama hewani juu ya maji, mbawa zikipiga mbiombio, kichwa kimetulia tuli. Ghafla hujitosa, akaibuka na kisamaki mdomoni. Nyuma yake, kwera wanasuka viota kwenye matawi, na yangeyange wanasubiri windo kandokando ya matete.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na tete, wala mti wa ndege kutua. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe ya kale. Kilichobaki ni uwanda mweupe wa chokaa, usio na udongo, unaowaka kwa jua la Kisauni, huku maji yenye chumvichumvi yakiwa chini kidogo tu ya mwamba.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyeajiriwa na kiwanda hicho tangu 1959, alianza kuotesha miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, damasi wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliofungua njia. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo huweza kukua pasipo rutuba. Lakini majani yake, membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Dawa ilikuwa jongoo wenye miguu myekundu. Haller aligundua kwamba wanayala majani hayo, akaleta mamia yao. Kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu, na taratibu tabaka jeusi la udongo likaanza kufunika chokaa.

Palipochimbwa hadi kufikia maji pakawa mabwawa. Samaki walifugwa, akaletwa pia kiboko yatima, Sally, ambaye samadi yake ilirutubisha maji. Ndipo ndege wakafuata. Wengi wao hawakuletwa na mtu: walivutwa na samaki, wadudu na matawi ya kujengea. Nao wakalipa fadhila, kwani katika vinyesi vyao walidondosha mbegu za miti ambayo hakuna aliyeipanda.

Wageni walianza kuruhusiwa kutembelea hifadhi hiyo mwaka 1984, na mwaka 1987 Haller akatunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Jirani, katika hifadhi ya Nguuni, makundi ya ndege wa majini hurejea jioni kulala kando ya mabwawa.

Kwa hiyo anayekwenda Bamburi na darubini asihesabu manyoya tu. Kila ndege pale ni ushahidi kwamba mti, mdudu, udongo na samaki walitangulia kwa zamu yao. Leo Kilifi na Kwale mawe ya matumbawe yanakatwa kila siku kujengea nyumba zetu, na mashimo mengi huachwa wazi. Njia ya kuyaponya tunayo, na imejaribiwa hapa hapa Pwani. Kila anayepewa kibali cha kuchimba aoneshe kwanza atakavyootesha, na kaunti zimfuatilie hadi miti isimame.