Bibi Asiyemo Kwenye Shajara

 

Leo tuzungumze habari ya shajara. Nyumba nyingi za visiwani zinayo. Ama imeandikwa kwenye karatasi na kuwekwa sandukuni, ama imo kichwani mwa mzee mmoja ambaye akishakaa vizuri anakutajia fulani bin fulani bin fulani, mpaka anakufikisha Hadhramaut, Oman, Ngazija au Shiraz. Ni jambo la kheri. Mtume wetu (S.A.W) ametuhimiza tuzijue nasaba zetu ili tuunge udugu, na katika Suratul Ahzab tumeamrishwa watu wanasibishwe na baba zao.

Lakini hebu itazame tena shajara ya kwenu. Baba yupo, babu yupo, babu wa babu yupo. Wanawake wako wapi? Ukiuliza, "Huyu mama yake alikuwa nani?" unajibiwa, "Alikuwa mtu wa bara," na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki.

Mara nyingi kimya hicho kina sababu moja, nayo ni utumwa. Bibi huyo alikuwa suria. Kwa sheria iliyofuatwa zama zile, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akachukua jina la baba, na akarithi sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Kwa hiyo mtoto aliingia kwenye shajara bila ya taabu. Mama yake ndiye aliyebaki nje. Baada ya vizazi viwili vitatu, hata jina lake likapotea.

Kama unaona haya kuyasikia haya, basi kumbuka kwamba hata Beit al Sahel hali ilikuwa hiyo hiyo. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na wote walikuwa wa masuria. Majid na Barghash, waliotawala baada yake, mama zao walikuwa masuria. Binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1886. Humo alimweleza mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa utotoni vitani na kutenganishwa na ndugu zake. Leo tunamjua Jilfidan kwa jina na kwa kabila, na tunajua kwamba alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Tunamjua kwa sababu binti yake alishika kalamu. Karatasi za Salme na za mwanawe zimehifadhiwa Leiden, Uholanzi.

Bibi zetu sisi hawakupata binti wa kuwaandikia kitabu. Lakini wapo walioandikwa na watu wengine, na karatasi hizo ziko ng'ambo. Ng'ambo hii si ile ya kuvuka Darajani, bali ng'ambo ya bahari.

Kwa nini ziko mbali hivyo?

Waingereza walipoanza kuupiga vita utumwa katika bahari yetu, kila hatua waliiandika. Mwaka 1860 na 1861 Balozi wao hapa Unguja, Rigby, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na majina yao yakaandikwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Kuanzia mwaka 1874 mpaka 1883 meli ya London ilitia nanga hapa bandarini ikawa makao ya mabaharia waliokuwa wakikamata majahazi. Jahazi likikamatwa, ripoti huandikwa: limekutwa wapi, limebeba watu wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi.

Ofisi ya Balozi ilikuwa na wakubwa wawili. Mambo mengine iliyapeleka London, mengine kwa serikali ya Kiingereza ya Bombay. Ndiyo maana karatasi zilizoandikwa hapa Shangani leo utazikuta katika Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, katika fungu la biashara ya watumwa linaloitwa FO 84, na nyengine ziko Mumbai. Nyengine hazikuondoka: ziko katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Anza na hapo kabla ya kufikiria kupanda ndege.

Watu wenyewe nao walipelekwa mbali. Kuanzia mwaka 1861 Waingereza waliwashusha Shelisheli zaidi ya watu 2,000 waliowatoa kwenye majahazi. Wengi walibatizwa wakapewa majina mapya, na wamisionari wakajenga kijiji cha watoto katika milima ya Mahé, kilichoitwa Venn's Town, ambacho magofu yake yapo hadi leo. Kuanzia mwaka 1873 mamia ya wengine, Wamakua wengi wao, walipitishwa hapa Unguja wakapelekwa Durban kufanya kazi za mkataba. Wajukuu zao wameushika Uislamu wao na hadi leo wanaitwa Wazanzibari, ingawa asili yao kubwa ni pwani na bara ya Msumbiji.

Habari hii ya Durban ina funzo kwa kila anayetafuta. Ukiona kwenye karatasi ya ng'ambo mtu ameandikwa "Zanzibar", usikimbilie kusema amezaliwa Mji Mkongwe. Karani aliandika bandari aliyotokea. Kwao kwa kweli huenda ni Ziwa Nyasa, Uyao, Unyamwezi au Umanyema.

Halafu kuna waliochukuliwa na pepo za kusi kwenda Uarabuni. Miongo mingi baadaye, kwenye karne ya 20, baadhi yao walikimbilia kwa mawakala wa Kiingereza wa Muscat, Sharjah, Bahrain na Bushehr kuomba hati ya uhuru. Kabla ya kupewa, walihojiwa. Maelezo yao yakaandikwa: jina langu ni fulani bin fulani, au fulani binti fulani, nilizaliwa mahali kadhaa, nilichukuliwa nikiwa na umri kadha, aliyeniuza ni huyu, aliyeninunua ni yule, mume wangu ni fulani, watoto wangu ni hawa. Wamo wanaume wapiga mbizi wa lulu, na wamo wanawake watumishi wa ndani. Baadhi yao wanataja Zanzibar na Sawahili. Mafaili haya ni ya Maktaba ya Uingereza, na mengi yamewekwa kwenye mtandao wa Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, uliofunguliwa mwaka 2014. Kuyasoma ni bure, hata kwa simu.

Ukishaanza kuyasoma, utagundua jambo. Shajara zetu za nyumbani zimewaacha wanawake, na faili la Mwingereza limewaandika, lakini limewaandika kwa haraka. Umri ni wa kukisia. Kabila ni lile lililosikika sikioni mwa karani: kila aliyetoka upande wa ziwa aliitwa Mnyasa. Jina Mabruki utaliona kwa sura nne au tano. Na majina yenyewe mara nyingi ni yale waliyopewa na mabwana: Feruzi, Zafarani, Johari, Almasi, Sikujua, Majaliwa. Jina ambalo mama mzazi alimwita mwanawe pengine halimo. Wengine waliokuwa hawana baba wa kutajwa waliandikwa "binti Abdalla", yaani binti wa mja wa Mungu. Kwa hiyo ukimkuta "Zafarani binti Abdalla" usifurahi mapema. Wako wengi.

Hapa ndipo kazi inarudi kwetu wanawake. Karatasi ya ng'ambo peke yake haitakwambia kwamba huyu ndiye bibi yako. Kitakachokwambia ni yale mabaki yaliyohifadhiwa jikoni na chumbani: neno la kibara ambalo bibi alimbembelezea mtoto, ngoma ya ukoo ambayo lazima ipigwe harusini, chakula ambacho watu wa nyumba yenu hawali, chale usoni ambazo mtu anakumbuka kuziona, jina la shamba, jina la bwana mwenye shamba. Kati ya hayo yote, jina la bwana ndilo ufunguo, kwa sababu makarani waliwapanga watumwa chini ya wenyewe. Inauma kumtafuta bibi yako kwa kulifuata jina la aliyemmiliki, lakini mara nyingi ndiyo njia pekee.

Basi kabla hujafungua simu, chukua daftari na uende kwa wazee wako. Usianze kwa kuuliza, "Tulikuwa watumwa?" Hutajibiwa, na utawatia simanzi. Uliza: Bibi alizaliwa shamba gani? Nani alimlea? Akimwita nani mwenyeji wake? Nani alikuja msibani kwake? Andika kila jina kama linavyotamkwa, kisha liandike tena kama unavyofikiri Mwingereza angelisikia. Weka na miaka, hata kwa makadirio: kabla ya mapinduzi, wakati wa vita vya Mjerumani, enzi ya Seyyid Hamoud.

Miaka ina maana hapa. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na akaandikwa. Lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo, wakahesabiwa kama wake wa majumbani. Mpaka mwaka 1909 ndipo sheria ilipowafikia na wao. Kwa hiyo kama bibi wa bibi yako alikuwa suria mwaka 1897, usivunjike moyo ukimkosa kwenye orodha za walioachwa huru wakati ule. Mtafute Kilimani kwenye mafaili ya mirathi na ya wakfu, kwani wapo mabwana waliowawekea wakfu watu wao waliowaacha huru, kwa majina.

Najua wapo watakaosema, mambo hayo yamepita, yanini kuyafukua? Wana haki ya kuogopa. Katika visiwa hivi watu wamewahi kunyimwa posa na kutukanwa hadharani kwa ajili ya asili ya bibi zao. Ukipata ulichokipata, si lazima ukitangaze kwenye mitandao. Kitu kilichoandikwa juu ya bibi yako ni amana, na ndugu zako wote wana sehemu yao ndani yake. Zungumza nao kwanza.

Lakini aibu si yake. Yeye alichukuliwa mtoto mdogo, akavushwa bahari, akajifunza lugha mpya na dini mpya, akazaa, akalea, na leo wajukuu zake wanaswali na wanasoma. Kwenye mirathi ya Kiislamu mama ana fungu lake, na anapotajwa wa kutendewa wema, Mtume (S.A.W) alimtaja mama mara tatu kabla ya baba. Haiwi sawa mtu mwenye cheo hicho akakosa hata mstari mmoja kwenye karatasi ya ukoo.

Kwa hiyo wiki hii, dada zangu, itoeni ile shajara. Pembeni mwa kila jina la mwanamume chora mstari wa mama yake. Mnalolijua liandikeni. Msilolijua, acheni nafasi wazi, msiifute. Nafasi hiyo ndiyo itakayomfanya binti yenu aulize siku moja. Na kwenye dua zenu baada ya swala, mnapowarehemu wazee wenu, warehemuni na wale ambao majina yao hamjayapata bado. Mwenyezi Mungu anayajua yote, pamoja na yale waliyoitwa na mama zao.

Amin. Mungu atukutanishe tena kwa kheri.