Elimu Iliyochelewa Kufika Bukombe

Ndugu msikilizaji, mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama, mkoani Shinyanga, iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Kijana huyo alikuwa wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo, na ambayo tangu 2012 imo katika mkoa mpya wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Wengi tulisema haki imetendeka. Leo nataka tuulize jambo jingine: elimu ilikuwa wapi?

Elimu ilikuwapo. Mwaka 1985, miaka 24 kabla ya hukumu ile, Dk. Jeff Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya ngozi za watu 350 wenye ualbino waliohudumiwa katika kituo cha saratani, Dar es Salaam. Walionyesha kwamba adui mkubwa wa watu hawa ni jua. Ngozi huanza kuharibika utotoni, na saratani huwawahi wengi wakiwa bado vijana. Mwaka 1995 Luande alikuwa miongoni mwa watafiti waliotangaza kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wana kasoro ya aina moja: kipande kilichokatika katika jeni inayohusika na rangi ya mwili.

Maana yake ni hii. Mtoto hupokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili huweza kuwa na rangi ya kawaida, kumbe kila mmoja amebeba kasoro bila kujua. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hivyo basi, mume anayemfukuza mkewe kwa madai ya uzinzi anamtwika mama wa watu mzigo ambao nusu yake ni wake mwenyewe.

Lakini maarifa hayo yalibaki katika majarida ya wataalamu, tena kwa Kiingereza. Huku nyuma watu waliendelea kuambiana kwamba zeruzeru hafi bali hutoweka, na kwamba kiungo chake humvutia mchimbaji dhahabu na mvuvi samaki. Wachimbaji walio wengi hula jasho lao la halali. Hata hivyo wachache wenye tamaa, wakisaidiwa na waganga matapeli, walitosha kufungua soko la damu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliuawa nchini kati ya 2000 na 2015. Februari 2015, huko Chato mkoani Geita, aliuawa mtoto wa mwaka mmoja tu.

Serikali iliwapiga marufuku waganga mwaka 2009, na tena 2015. Watoto walikusanywa Buhangija, Shinyanga mjini, wapate kulindwa. Ukuta ulilinda maisha yao, lakini ukuta haumfundishi jirani aliyebaki nje.

Hapa ndipo idara zetu za biolojia katika vyuo vikuu zinapohusika. Kwanza, zinatoa walimu. Kwa miaka mingi somo la urithi limewekwa sekondari, na aliyeishia darasa la saba hakulikuta. Mhitimu anayekwenda kufundisha Geita hana budi aweze kulieleza kwa Kiswahili chepesi, hata mbele ya wazazi. Pili, mwanafunzi mwenye ualbino naye ana haki ya kuisoma biolojia. Macho yake huona mambo ya karibu, na miwani peke yake haitoshi. Akae mbele, apewe maandishi makubwa, kilichomo katika darubini kionyeshwe kwenye kioo kikubwa, na kazi za porini zifanyike asubuhi mapema au jioni. Wala tusidhani hawezi. Dk. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015.

Ndugu msikilizaji, mahakama ya Kahama ilifanya kazi yake, lakini ilifika baada ya mazishi. Mwalimu anayeifikisha ile hesabu ya moja kati ya nne katika darasa la Bukombe anaweza kufika kabla.