Macho ya Vita vya Rufiji, 1914–1915

Baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walikuwa na meli na mizinga ya kutosha. Walichokosa ni macho ya kupenya mikoko. Mwezi Novemba rubani Cutler aliiona kutoka angani. Hata hivyo, ndege ya wakati huo haikuweza kupima kina cha maji. Kazi hiyo aliifanya Pretorius, mwindaji wa tembo, kwa mtumbwi na ufito, akiwategemea wenyeji. Vitabu vinawataja marubani kwa majina na vyeo. Hao waliojua kila mkondo wanabaki “wenyeji” tu. Kwangu mimi, huo ni upungufu mkubwa.

Tarehe 6 Julai 1915, Severn na Mersey, manowari zisizohitaji kina kirefu, zilifyatua makombora zaidi ya 600 bila kuimaliza. Zikarudi tarehe 11. Juu, Cull na Arnold waliarifu kwa simu ya upepo kila kombora lilipoangukia. Ndege yao ilipopigwa, Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka kuelekea mtoni. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.