Fedha Iliyo Njiani Ni ya Nani? Malipo ya Mbali kutoka Zama za Masahaba hadi Duka la Mtandaoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Walitujia msikitini, baada ya sala ya alasiri, watu wawili wenye ugomvi. Mmoja ni mama mshonaji, mwingine ni kijana mwenye duka la mtandaoni, na wote ni watu wa sala. Mama alinunua cherehani katika duka la kijana huyo kwa shilingi 380,000. Alilipa kwa simu kupitia kampuni ya malipo ambayo duka lenyewe ndilo lililoiweka, na akapata ujumbe kwamba fedha imepokelewa. Siku kumi na nne zikapita bila cherehani kufika. Kijana akasema: "Sheikh, mimi fedha yake sijaiona. Iko kwa kampuni." Mama naye akasema: "Kwangu imeshatoka. Nimlipe mara mbili?"

Kila mmoja alikuwa anasema kweli. Fedha ilitoka huku na haikufika kule. Swali lao ni hili: fedha iliyo njiani ni ya nani, na ikipotea ni hasara ya nani? Wapo wanaodhani kwamba swali hili limezaliwa na intaneti na kwamba fiqhi haina la kusema juu yake. Tumeona ni vyema kuonyesha katika kurasa hizi kwamba umma huu umelijadili tangu karne ya kwanza ya Hijria.

Zubayr na amana za watu

Tuanze na Zubayr bin al-Awwam (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Imam Bukhari amepokea kwamba watu walikuwa wakimletea mali zao awahifadhie, naye akikataa kuzipokea kama amana. Alikuwa akiwaambia kwamba ataichukua mali hiyo kama mkopo, kwa sababu anachelea isije ikapotea.

Hapa pana jambo kubwa la kifiqhi. Mwenye kushika amana halipi ikipotea bila ya uzembe wake, lakini mwenye kukopa hulipa kwa hali yoyote. Zubayr aliiacha hukumu iliyo nyepesi kwake akachagua iliyo nzito, ili mali ya watu iwe salama. Naye kwa kuwa mali hiyo imekuwa deni juu yake, alipata haki ya kuitumia katika biashara.

Alipouawa mwaka 36 H (656), siku ya vita vya Ngamia, mwanawe Abdullah alihesabu madeni yake akayakuta ni 2,200,000. Fedha taslimu haikuwapo. Yalikuwapo mashamba, likiwamo shamba la al-Ghaba ambalo Zubayr alilinunua kwa 170,000, na nyumba katika Madina, Basra, Kufa na Misri. Abdullah aliuza al-Ghaba kwa 1,600,000 akalipa. Ndugu zake walipomtaka awagawie mirathi, alikataa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba yeyote anayemdai Zubayr na aje alipwe. Miaka minne warithi walisubiri, ili asibaki hata mtu mmoja mwenye haki yake.

Hati za al-Jar

Tukio la pili limo katika Muwatta ya Imam Malik. Marwan bin al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina, watu walipewa hati (sukuk) za chakula kilichokuwa katika bandari ya al-Jar, pwani ya Bahari ya Sham. Mwenye hati alikuwa na haki ya kwenda kuchukua chakula chake. Lakini watu wakaanza kuuziana zile hati kabla chakula hakijapokelewa, na hati moja ikapita mikono mingi.

Zayd bin Thabit na Sahaba mwingine (r.a.) waliingia kwa Marwan wakamkabili kwa neno zito, kwamba anahalalisha riba. Marwan alipouliza imekuwaje, wakamweleza habari ya hati hizo. Akatuma askari wazitwae mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe.

Msomaji aangalie vizuri. Masahaba hawakukataza hati. Walichokataza ni kuuza chakula ambacho hakijakabidhiwa, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza chakula kabla hajakipokea. Hati ni dalili ya haki, nayo haisimami mahali pa kitu chenyewe katika kila hukumu. Hapo ndipo tunapoliona neno litakalorudi tena na tena katika mada hii: *qabdh*, yaani kukabidhiwa.

Suftaja: kulipa mji huu, kupokea mji ule

Abdullah bin Zubayr, yule yule aliyelipa madeni ya baba yake, alipokuwa Makka alikuwa akichukua dirhamu kutoka kwa watu, kisha akimwandikia nduguye Mus'ab aliyekuwa Iraq awalipe huko. Msafiri alivuka jangwa na karatasi badala ya mfuko wa fedha. Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa juu ya jambo hilo asione ubaya. Ibn Qudama ameyataja haya katika al-Mughni. Muamala huu ndio walioupa wanachuoni jina la *suftaja*, neno lenye asili ya Kiajemi.

Mafaqihi walihitalifiana. Sisi watu wa pwani tuliosoma kwa madhehebu ya Imam Shafi'i tumefundishwa kwamba hauswihi ukiwekwa kama sharti, kwa kuwa ni mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa, nayo ni kusalimika na hatari za njiani. Wanachuoni wa Hanafi waliuchukia. Wa Maliki waliukataza ila pale hofu inapoenea njiani. Kwa Imam Ahmad pana riwaya mbili, na Ibn Qudama na Ibn Taymiyya wameelekea kwenye kuruhusu, kwa hoja kwamba pande zote mbili zinanufaika na hakuna anayedhurika, wala sheria haikuja kukataza maslaha yasiyo na madhara.

Hati sokoni, mwenyeji bandarini

Mafaqihi wakijadiliana, masoko yaliendelea. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya nne ya Hijria, ameeleza kwamba aliona katika mji wa Awdaghust, kusini ya Sahara, hati ya deni la dinari 42,000 aliyodaiwa mfanyabiashara mmoja na mtu wa Sijilmasa, kaskazini ya jangwa.

Nasir Khusraw naye alifika Basra mwaka 443 H (1051) akaandika jinsi watu walivyonunua huko. Mwenye mali aliiweka kwa mvunja fedha (sarraf) akapewa hati, kisha akanunua alichotaka na kumwelekeza muuzaji kwa yule mvunja fedha. Muda wote aliokuwapo mjini, mfanyabiashara hakutumia ila hati hiyo. Anayelipa leo kwa simu au kwa kadi, salio lake likiwa benki, amekaa pale pale alipokaa mnunuzi wa Basra karibu miaka elfu iliyopita.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma katika biashara ya watu wa kati. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akakuta kwamba kila mfanyabiashara ashukaye chomboni hufikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Aliyemlalia mgeni kwa bei ya chini, au aliyemuuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilirudishwa. Karne nyingi baadaye, wafanyabiashara wa Unguja na wa Bombay walilipana kwa hati za hundi zilizovuka bahari. Mtu wa kati hakuwa jambo geni kwa wazee wetu, na walijua kwamba ana wajibu.

Zama zetu: kutoka Jidda hadi Abu Dhabi

Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu limetoa maamuzi ambayo imamu wa leo hana budi kuyajua.

La kwanza, mwaka 1990 huko Jidda, Baraza liliamua kwamba kuandikwa fedha katika akaunti ya mteja kunahesabiwa kuwa ni kukabidhiwa kwa hukumu (*qabdh hukmi*), hata kama mkono haukugusa noti. Katika kikao hicho hicho lilikubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano, likivua baadhi ya mikataba yenye masharti maalumu, kama ubadilishaji wa sarafu na uuzaji wa *salam*.

La pili, mwaka 1995 huko Abu Dhabi, liliamua kuhusu kutuma fedha kwa ujira kwamba ni uwakala wa malipo. Kisha likaongeza kwamba wanaofanya kazi hiyo kwa watu wote ni wadhamini wa fedha wanazozibeba, kama alivyo mdhamini fundi anayefanyia kazi watu wote (*ajir mushtarak*). Imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba aliwatoza dhamana mafundi wa namna hiyo kwa ajili ya maslaha ya watu. Isnadi yake imetiwa kasoro na baadhi ya wanachuoni, lakini mafaqihi wengi walilishika jambo lenyewe.

La tatu, mwaka 2000 huko Riyadh, lilizungumzia kadi za mkopo. Lilikataza kadi iliyowekewa sharti la ziada ya riba. Liliruhusu benki kuchukua kamisheni kwa mwenye duka, kwa sharti kwamba bei ya mwenye kulipa kwa kadi iwe sawa na bei ya mwenye kulipa taslimu. Na lilikataza kununua dhahabu na fedha kwa kadi isiyo na salio nyuma yake.

Fedha inavyosafiri leo

Mnunuzi anapobonyeza kulipa, kampuni ya malipo hupeleka ombi kwa benki yake au kwa mtandao wake wa simu. Huko huangaliwa kama salio lipo na kama mwenye kulipa ndiye, kwa namba yake ya siri. Likikubaliwa, fedha hukatwa na ujumbe hutumwa pande zote. Lakini mara nyingi mwenye duka haipati papo hapo. Kampuni hukusanya malipo ya wateja wengi, hukata ada yake, kisha humwingizia baada ya siku kadhaa.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wetu walizoea kwamba ujumbe ukifika fedha imefika. Katika duka la mtandaoni ujumbe unaweza kutangulia na fedha ikafuata. Ugomvi wa wale wawili ulizaliwa katika nafasi hiyo.

Hukumu inayotokana na historia

Katika yote tuliyoyasimulia, wanachuoni hawakuuliza kwanza chombo ni kipi, iwe karatasi ya Iraq, hati ya Basra au simu ya mkononi. Waliuliza: nani ameishika mali, na ameishika kwa sifa gani? Ni amana, ni mkopo, au ni uwakala?

Kampuni ya malipo iliyowekwa na mwenye duka ni wakili wa mwenye duka katika kupokea. Na kanuni inayojulikana ni kwamba kukabidhiwa kwa wakili ni kukabidhiwa kwa aliyemuwakilisha. Basi ikithibiti kwamba fedha imepokelewa na wakili huyo, mnunuzi ametoka katika deni. Ikichelewa au ikipotea baada ya hapo, mwenye duka amfuate wakili wake, na wakili huyo ni mdhamini kwa uamuzi wa 1995. Lakini mnunuzi aliyetuma kwa namba aliyoikosea mwenyewe, au kwa mtu asiyewekwa na muuzaji, bado hajalipa.

Yapo na mengine wenye maduka wayazingatie. Asiuze mtu kitu maalumu asichokimiliki, akitegemea akishalipwa ndipo akakinunue, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Akitaka kupokea fedha mbele kwa bidhaa ya baadaye, ipo njia ya *salam*, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakuta nayo watu wa Madina akawawekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Au awe wakala wa mnunuzi kwa ujira ulio wazi. Na anayerudisha fedha ya mteja asiicheleweshe hali anayo, kwani kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma.

Tuliwaeleza haya mama na kijana. Kijana alinyamaza, kisha akauliza: "Na kampuni isiponipa kabisa?" Tukamjibu kwamba hiyo ni kesi yake na wakili aliyemchagua yeye, tena ana haki ya kuidai hata mbele ya kadhi au hakimu, lakini mama huyu hana deni. Tukamsimulia habari ya Abdullah bin Zubayr na misimu yake minne ya Hija. Cherehani ilipelekwa siku ya pili yake.

Enyi maimamu na wanafunzi wa elimu, maswali ya namna hii yatazidi kutujia. Tusiwajibu watu kwamba haya ni mambo ya kompyuta. Qur'ani imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na imetuamrisha kuyaandika madeni katika aya ndefu kuliko zote. Zubayr aliona bora abebe dhamana yeye kuliko mali ya mtu kupotea njiani. Anayefungua duka leo na ajiulize kama yu tayari kufanya hivyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.